Neno la Mshika Mnyororo

Pigo la kwanza lilimpata Orrin Blaylock begani, na nadhani alidhani amegongwa kwa bahati mbaya, maana aligeuka na uso wa mtu anayetaka kuomba radhi. La pili lilimkuta amegeuka. Lilikuwa la chuma cha kuchochea makaa, chenye urefu wa mkono mzima, na aliyekishika alikuwa kaka yangu Dewitt. Nilisikia mfupa wa shavu ukivunjika. Watu husema sauti hiyo ni kama ya kijiti kikavu, lakini wasemao hivyo hawajaisikia. Ni sauti ya kitu kibichi, na mimi sikugusa mbavu za kuchoma kwa miaka miwili baada yake.

Blaylock alianguka kwenye changarawe. Chini ya koti lake bado alikuwa amevaa shati lake la urefa, lile la mistari myeupe na myeusi. Dewitt alimwongeza la tatu akiwa chini, likatua kwenye mkono aliokuwa amejikingia. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma, na sahani ya nyama mkononi. Hata ile sahani sikuitupa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya msimu wa 1987, saa kumi alasiri, jua bado lipo, kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa Chuo cha Calloway, mjini Ockley, Alabama. Aliyempeleka kaka yangu pale na kile chuma ni mimi. Nilimpeleka kwa neno moja.

Nilikuwa mshika mnyororo. Kila uwanja wa mpira wetu wa Kimarekani, ule wa kushika na kurusha kwa mikono, una watu watatu wa mji ule ule wanaotembea pembeni mwa mstari na fito mbili zilizofungwa kwa mnyororo wa yadi kumi, kupima timu imesogea kiasi gani. Ujira wake ni soda na mkate wenye soseji, lakini unasimama mahali ambapo hata gavana hapati kusimama. Sharti ni moja tu: hushangilii wala husemi ulichokiona. Mzee Virgil Stroud, aliyeushika ufito ule miaka thelathini kabla ya kunikabidhi, aliniambia, "Macho yako ni ya mchezo, Harlan. Mdomo uache nyumbani kwa mkeo." Kwa miaka kumi na moja niliuacha.

Siku ile tulicheza na Delmont, watani wetu wa jadi. Sisi nembo yetu ni baghala, mnyama anayezaliwa na punda na farasi, na watu wa Delmont walikuwa wameimba tangu asubuhi kwamba baghala hazai. Ulikuwa mchezo wa kuumizana. Mrusha mpira wetu aliacha meno mawili kwenye majani. Garland, mtoto pekee wa Dewitt, alishonwa nyuzi sita juu ya jicho wakati wa mapumziko, akarudi uwanjani na pamba imejaa puani. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Baada ya siku ile asingecheza tena popote, na wote tulilijua hilo.

Zikiwa zimebaki sekunde kumi na mbili, tuko nyuma kwa pointi nne, mpira ulirushwa kuelekea pembe ya eneo la kufungia, upande wangu. Garland aliruka. Mlinzi wa Delmont alimgonga mbavuni akiwa bado hewani, nami nikasikia pumzi ikimtoka, lakini mpira hakuuachia. Alishuka hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Kama mguu mmoja ungegusa majani ndani ya mstari kwanza, tungepata pointi sita na kushinda. Haukugusa. Ulishukia nje. Miaka ile refa hakuwa na picha ya kurudia kutazama, alikuwa na macho yake tu, na ya Blaylock yaliona sawasawa. Akapunga mikono kwamba si pointi, na chupa zikaanza kunyesha kutoka jukwaani.

Ockley timu ikifungwa hakuna anayekwenda nyumbani. Watu hurudi kwenye magari yao, wanafungua masanduku ya barafu na vinywaji, wanachochea moto na kusikiliza kesi. Kesi ni ya refa siku zote, na hakimu ni yeyote mwenye sauti kubwa. Mahali petu palikuwa nyuma ya ukumbi wa mazoezi, na jiko la Dewitt, pipa lililokatwa katikati, lilikuwa limewaka tangu alfajiri.

Tulikuwa watu kama kumi na watano, na wote walikuwa upande mmoja isipokuwa Cleve Gantt, muuza matairi, aliyesoma darasa moja na kaka yangu.

"Mguu ulikuwa nje," Cleve alisema.

"Uliuonea wapi?" Dewitt alimuuliza. "Wewe ulikuwa safu ya arobaini, na mkeo mwenyewe humwoni akiwa mezani."

"Mke wangu namwona vizuri. Ndiyo maana nakuja mpirani."

Watu walicheka, hata Dewitt kidogo. Cleve angenyamaza hapo, leo ningekuwa nasimulia kitu kingine. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kuacha jambo nusu. "Mwanao kadaka vizuri, Dewitt. Sijaona mtoto akidaka vile. Ila kadakia nje, na refa wa watu hana kosa."

Dewitt alimpiga ngumi ya mdomo. Cleve alikaa juu ya sanduku la barafu bila kutaka, mfuniko ukapasuka, barafu ikamwagika miguuni pake. Hakuna aliyeshtuka sana, wale wawili walikuwa wakipigana tangu utotoni. Cleve alitema damu ndani ya kikombe chake, akaitazama, akasema, "Haya bwana. Mimi sioni. Muulize mdogo wako, alikuwa pale pale."

Wote wakanigeukia.

Dewitt alikuwa anahema. Damu ya Cleve ilikuwa kwenye vifundo vya vidole vyake. Alipofungua mdomo, sauti ilitoka ya upole, ile aliyokuwa akinibembelezea nile baada ya baba yetu kufa, mimi nikiwa na miaka tisa na yeye kumi na saba.

"Harlan. Mdogo wangu. Ndani au nje?"

Niliwaza haraka, na niliwaza kijinga. Niliwaza goti lake lililovunjikia kwenye uwanja ule ule akiwa na miaka ishirini. Niliwaza zamu mbili kwa siku kwenye kiwanda cha nyuzi, ili mwanawe apate kuvaa jezi ambayo yeye aliivaa miezi minne tu. Mchezo umekwisha, nilijiambia, matokeo hayabadiliki, na neno halimuumizi mtu. Nilitaka kumpa kaka yangu kitu cha kwenda nacho nyumbani.

"Ndani," nilisema. "Mguu mzima."

Sikumwona akifurahi. Aliitikia kwa kichwa polepole, mara mbili, kama mtu aliyesomewa majibu ya daktari aliyoyatarajia. Kisha akasema, "Basi tumeibiwa," akachukua chuma na kurudi kuchochea makaa. Nami nilidhani yamekwisha, nikachukua sahani.

Mlango wa nyuma wa ukumbi ulifunguka na marefa wanne wakatoka na mikoba yao. Gari lao lilikuwa ng'ambo ya magari yetu, na njia ilipita mbele ya moto. Naibu sherifu, polisi wa kaunti aliyepewa kazi ya kuwasindikiza, alikuwa amesimama kwenye moto wa majirani, anapewa mkate wenye nyama. Blaylock alikuwa wa mwisho, mzee wa miaka hamsini na minane, mwenye duka la dawa kaunti ya pili kutoka kwetu. Dewitt aliinua uso kutoka kwenye makaa akamwona.

Nilirudi baadaye kuipima ile njia. Ni hatua thelathini na moja. Mtu akitembea hatua thelathini na moja, mwenzake anaweza kusema "nje" mara hamsini. Mimi nilisema "Kaka, subiri," tena kwa sauti ndogo, kwa sababu niliona haya mbele ya watu. Hiyo ndiyo aibu yangu, na sijapata mahali pa kuitua.

Pigo la nne halikumpata Blaylock. Cleve Gantt, mdomo wake bado unavuja damu, alikuwa amejitupa juu ya yule mzee, na chuma kikamwangukia yeye mgongoni, kikavunja mbavu mbili. Ndipo wengine wakapata akili wakamkamata kaka yangu. Ilichukua watu wanne. Jicho la kushoto la Blaylock lilikuwa limeshatoka mahali pake.

Kesi, ya kweli sasa, ilisikilizwa mwezi wa Aprili. Mawakili wa pande zote walinitaka, lakini wa Dewitt ndiye aliyekuja nyumbani. "Sema tu ulichosema siku ile," aliniambia. "Baraza lile la raia watakaoamua kesi limejaa watu wa Calloway. Ukiwaambia baba aliona mwanawe ameibiwa mbele ya macho yake, wataona huruma." Alikuwa anasema kweli. Mji mzima uliamini. Kwa kinyozi walikuwa wamebandika picha ya Blaylock wakaandika mwizi, na kinyozi huyo ndiye aliyekuwa ameninyoa asubuhi ya kesi.

Blaylock alikaa mbele na jicho lake la kioo lililotazama kando kidogo. Garland alikaa nyuma ya baba yake, mikono katikati ya magoti. Wakili wa Dewitt aliniuliza mguu wa mchezaji ulitua wapi. Dewitt alinitazama akatabasamu kidogo, kama alivyotabasamu siku ya harusi yangu.

"Nje," nilisema.

Watu walinguruma hata hakimu akagonga meza. Mwendesha mashtaka alipopata zamu yake, aliuliza niliwaambia nini wale watu pale motoni.

"Niliwaambia ndani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba wa mtoto ndiye aliyeniuliza."

Blaylock aliinua mkono akalifunika jicho lake linaloona, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Dewitt hakunitazama tena. Alipewa miaka mitatu. Wiki hiyo tofali lilipita dirisha la jikoni kwangu, na matairi yote manne ya gari langu yakachanwa. Cleve alikuja na mengine, akayafunga huku anaugulia mbavu zake, akaondoka bila kuingia ndani. Ufito wa mnyororo walimpa mtu mwingine.

Kwa miezi kumi na minne Dewitt alikataa kuniona. Kisha akatuma salamu niende. Tulikaa na kioo katikati yetu, kila mtu na simu yake sikioni. Nywele zilikuwa zimeanza kumpauka juu ya masikio, na mkono wa kulia ulikuwa na kovu jipya ambalo sikuliulizia.

"Kwa kiasi gani?" alisema.

Sikuwa na haja ya kuuliza kiasi cha nini. Nilikiweka kiganja changu kwenye kioo, vidole vimeshikana, nikamwonyesha upana wake.

Alikitazama. "Watu walisema ni unywele tu. Hata waliosema nje, walisema unywele."

"Si unywele, kaka."

"Kiganja kizima."

"Kizima."

 Mlinzi alipita nyuma yake akarudi. Garland alikuwa akija kumwona kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, hakukosa hata moja, na mimi nililijua hilo.

"Garland anajua?" aliuliza Dewitt.

Mtu anaweza kudanganya mara moja kwa mapenzi, si mara mbili. "Mguu ulikuwa wake," nilimwambia.

Dewitt alirudisha simu mahali pake, taratibu. Nilidhani atainuka aende, lakini hakuinuka. Tulikaa hivyo, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka mlinzi aliposema muda umekwisha.