Fimbo Nyuma ya Kabati

Gachanja aliinunua fimbo ile Jumanne asubuhi, sokoni Gikomba, kwa shilingi kumi na tano ambazo hakupaswa kuzitumia.

Ulikuwa mwezi wake wa tatu bila kazi. Kiwanda cha mablanketi alikokuwa fundi wa mitambo kilipunguza watu mapema mwaka huo wa 1979, na tangu hapo hakuweza kutulia. Kila kukicha alitoka nyumbani Mbotela akatembea tu, mpaka Makadara, mpaka soko la Burma, mpaka mtoni na kurudi. Hata akila, alisimama katikati ya chakula akaenda mlangoni kuchungulia.

"Unamngoja nani?" mkewe Nduta alimuuliza.

"Simngoji mtu."

"Basi kaa ule."

Alikaa. Baada ya matonge mawili alikuwa amesimama tena.

Siku hiyo miguu ilimfikisha kwa Ngigi, seremala aliyenunua samani za Wazungu waliokuwa wakihama, akazifumua na kuzitengeneza upya. Fimbo ilikuwa imetupwa katikati ya mipini ya majembe. Gachanja aliwahi kucheza biliadi kwenye ukumbi wa mtaa, kwa hiyo alitambua mara moja kwamba ule haukuwa mpini bali fimbo ya mchezo huo. Aliilaza juu ya meza ya Ngigi akaisukuma kwa kiganja. Ilibingirika kimya, bila kuruka popote. Ilikuwa imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

"Nikupigie msasa?" Ngigi aliuliza. "Nikipaka na vanishi itakuwa mpya kabisa."

"Usiiguse!" Gachanja alisema, kwa sauti iliyowashtua wote wawili.

Aliifunga kwa gunia akaenda nayo mjini, kwenye hoteli moja aliyojua ina meza ya biliadi. Msimamizi wa meza alimwambia yuko mgeni pale, Mwingereza aitwaye Pellow, anayekusanya fimbo za zamani. Wakamkuta anakunywa chai. Pellow aliisogeza fimbo dirishani, akavaa miwani, akaonyesha mahali ambapo mbao nyeusi ya kishikio ilipanda ndani ya mbao nyeupe kama vidole vinne.

"Tazama ncha za vidole hivi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama. "Za mashine zingekuwa kali, na zote sawa. Hizi ni za mviringo, na hiki kimoja ni kifupi. Mtu aliunga kwa mkono, pengine miaka sabini iliyopita. Na hakuna aliyeikwaruza vanishi yake. Ungeipiga msasa nisingekupa hata mia."

Gachanja alimkumbuka Ngigi na msasa wake.

"Lakini kibao cha jina kimefutika," Pellow aliendelea. "Nataka kujua ilitoka klabu gani, ilikuwa ya nani. Tafuta mtu aliyefanya kazi huko zamani. Ukiniletea habari ya kweli nitakupa elfu mbili na mia tano. Naondoka Jumapili asubuhi."

Elfu mbili na mia tano ilikuwa zaidi ya mshahara wa miezi minne. Gachanja alirudi Mbotela karibu anakimbia.

Mtu aliyemtafuta alikuwa jirani yake, nyumba tatu tu kutoka kwake. Zedekiah Wekulo alikuwa mzee mrefu kutoka Bungoma, macho yake yameingia ukungu miaka sita iliyopita na sasa haoni kitu. Watu wa mtaa walijua kwamba zamani alikuwa maka katika klabu ya Wazungu, yaani mtu wa kuhesabu pointi, kupasha pasi kitambaa cha meza na kutunza fimbo. Walijua pia kwamba alifungwa kwa wizi. Hilo halikusemwa mbele yake.

Mkewe, Phelister, alikuwa anachambua mboga mlangoni. Alimkaribisha Gachanja ndani.

"Mzee, nina fimbo ya biliadi," Gachanja alisema, bado amesimama. "Nataka unisaidie kuijua."

Wekulo alinyoosha mikono. Kwanza aliipima uzito, akaisawazisha juu ya kidole kimoja. Kisha vidole vyake vikashuka taratibu kutoka kwenye ncha ya ngozi, vikapita kwenye mbao nyeupe, vikafika kwenye vile vidole vinne vyeusi. Hapo vikasimama. Mzee aliirudisha fimbo mikononi mwa Gachanja kana kwamba imemuunguza.

"Angalia wewe," alisema. "Chini ya kibao, upana wa kidole gumba. Kuna kijiti chekundu kimepigiliwa, kidogo kama punje ya mtama?"

Gachanja aliigeuza fimbo kwenye mwanga. Kilikuwepo. Hata Pellow na miwani yake hakukiona.

"Nilikitia mimi," Wekulo alisema. "Bwana Carrick, mwenyewe, aligonga fimbo hii kwenye mawe ya jiko la kuotea moto, ikapasuka. Nikachonga kijiti cha mzeituni, nikakipigilia na gundi. Alifurahi sana. Mwaka uliofuata, hamsini na saba, fimbo ikapotea. Wakasema mwenye ufunguo wa kabati ni Wekulo. Meja mmoja, Thornby, akaapa kortini kwamba aliniona nikitoka nyuma na kitu kirefu ndani ya koti. Nikakaa jela miezi tisa."

Mlangoni, Phelister alikuwa ameacha mboga.

"Umeipata wapi?" Wekulo aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kijana wangu, niambie umeipata wapi."

"Gikomba. Kwa Ngigi seremala."

"Na Ngigi?"

Gachanja hakujua. Phelister aliifunga leso yake kiunoni. "Twende," alisema.

Walikwenda wote watatu, mzee ameshika bega la mkewe, Gachanja mbele, akirudi nyuma kila hatua kumi kwa sababu mwendo wao ulimtesa. Ngigi alikuwa anapiga randa. Alisikiliza, akafikiria, akapangusa jasho.

"Ilikuwa nyuma ya kabati la nguo," alisema. "Kabati kubwa, nilinunua mnadani kule Lang'ata, vitu vya Mzungu aliyekufa. Nilipong'oa mbao za nyuma nikakuta zimewekwa mbili mbili, na katikati kuna sanduku refu la bati. Fimbo ilikuwa ndani. Sanduku lenyewe ni lile pale, natilia misumari."

Aliimwaga misumari, akalileta. Kwenye kifuniko kulikuwa na maandishi meupe yaliyochakaa. Gachanja aliyasoma kwa sauti, herufi moja moja, kwa sababu mzee alimwomba asiruke hata moja.

"M-A-J. R. THORNBY."

Randa za mafundi wengine ziliendelea kukwaruza. Wekulo alisimama wima, uso ameuelekeza juu. Lakini Phelister ndiye aliyekaa chini, palepale kwenye maranda, akajishika kichwa.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Baba Lenah, miaka ishirini na miwili nimepika chakula chako, na ndani ya moyo wangu nikisema, huenda aliiba."

"Nilijua," Wekulo alisema.

"Ulijua?"

"Hukuniuliza hata mara moja. Mtu asiyeshuku huuliza."

Ngigi aliwapa sanduku bure. Njiani kurudi, Wekulo alimshika Gachanja mkono. "Niachie fimbo mpaka Jumapili," alisema. "Kanisani waliniondoa kwenye uzee wa kanisa kwa sababu ya kesi ile, na hawakunirudisha. Nataka waione mara moja tu. Baada ya ibada ni yako, ufanye utakavyo."

"Sawa, Mzee," Gachanja alijibu. Jumapili asubuhi Pellow angekuwa angani.

Siku tatu zilizofuata hakutulia. Alimweleza Nduta, naye akasema karo ya watoto ni Jumatatu. Saa moja baadaye akasema yule mzee ni mtu mzima, asidanganywe. Gachanja alitoka, akazunguka mtaa mara nne, akarudi bila jibu. Ijumaa alijiambia kwamba sanduku na jina vinatosha, kanisa halihitaji fimbo. Jumamosi mchana akaenda kwa Wekulo, akadanganya kwamba anataka kuipima urefu, akaichukua.

Pellow alifurahi mno kusikia habari ya Carrick na kile kijiti. Alikitazama kijiti kwa kioo cha kukuzia, akacheka kama mtoto, akatoa bahasha.

"Bwana," Gachanja alisema, "siwezi kuiacha leo. Nakuomba ungoje mpaka kesho mchana."

"Ndege haingoji."

"Niandikie anwani yako basi, nikutumie kwa meli."

"Ivunjikie baharini? Ni leo, rafiki yangu."

Gachanja aliitazama bahasha. Alisimama, akaketi, akasimama. Akilini alimwona Wekulo akipapasa kona ya chumba ambako fimbo iliwekwa, asiikute. Akaifunga kwa gunia, akasema samahani, akatoka. Kwenye Barabara ya Jogoo aliongea peke yake njia nzima, akijitukana kwa Kikuyu na Kiswahili, na watu wakampisha.

Jumapili, kanisani, Wekulo hakuzungumza. Alipoitwa mbele, alimsukumia mkewe fimbo. Phelister ndiye aliyesimama na fimbo mkono mmoja na sanduku mkono wa pili. Alieleza yote, na hakuficha lake mwenyewe: kwamba wale waliomhukumu mumewe kanisani walifuata shaka waliyoiona machoni mwa mkewe. Akawaomba watu waje washike kile kijiti chekundu. Walikuja mmoja mmoja, wazee kwa akina mama, ibada ikachelewa kwisha kwa saa nzima. Mchungaji, ambaye mwaka hamsini na saba alikuwa bado mtoto, alimwomba Wekulo msamaha kwa niaba ya waliokufa.

Gachanja alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Alijaribu kuketi, akashindwa.

Fimbo iliuzwa mwezi wa saba, kwa ile hoteli, shilingi mia tisa. Waliitundika ukutani, haichezewi. Gachanja alimpelekea Wekulo nusu, lakini mzee alikataa, akapokea paketi moja ya sukari. Nduta alinuna wiki mbili kwa zile elfu na mia sita zilizopotea, kisha akaacha. Mwana wa mmoja wa wazee wa kanisa alikuwa msimamizi katika kiwanda cha sabuni, naye alimwita Gachanja kujaribiwa kwenye mashine ya kukata. Alianza kazi Agosti.

Siku hizo ukipita Mbotela jioni ungewakuta Wekulo na Phelister nje ya mlango wao. Phelister alikuwa akimuuliza mambo ya klabu: Carrick alikuwa mtu gani, pasi ya meza ilikuwa nzito kiasi gani, huko jela alilala wapi, alikula nini. Aliuliza lolote lililomjia, naye mzee akamjibu kila swali kwa kirefu, mpaka mboga zikaungua jikoni.