Zamu ya Kubeba Chungu cha Nchi

Usiku wa jana niliota, mimi Elinaza wa Mchomvu, mjukuu wa watu waliosimamia zamu za maji ya ndiva, yaani bwawa la ukoo la kumwagilia mashamba, na ambao hakuna mkulima aliyepata kuwashtaki kwa upendeleo.

Niliota nimeitwa jikoni. Jiko lilikuwa nchi nzima. Katikati palikuwa na chungu kikubwa kama mlima, na ndani yake taa, viwanda, hospitali na chai ya asubuhi vilichemka pamoja. Mafiga matatu yaliyokibeba yalikuwa watu: mzee Kuni mwenye magome mwilini, mama Maji aliyekondeshwa na ukame, na kijana Gesi.

Chungu kinainama upande wa Maji.

"Shikamoo, mzee," Maji ananiambia. "Chungu kinanielemea."

"Marahaba. Kwa nini hupumziki?"

"Kanuni. Figa halitoki kabla jingine halijaingia."

Kuni akakohoa moshi. "Nilikibeba peke yangu kabla hawa hawajazaliwa. Nipeni msitu wa babu zake huyu, nitakibeba tena."

Mara tumesimama ndani ya msitu wetu, chungu kikiwa pale pale. Miti imepanga foleni, kila mmoja umeshika shoka lake. Wa mbele ni mvule unaoilinda chemchemi ya ndiva yetu. Ukianguka, bwawa litakauka.

"Tuanze au tusubiri?" mvule unaniuliza kwa adabu.

"Subirini."

Akaja binti aliyebeba kioo mgongoni. Alikuwa Jua.

"Unaweza kubeba chungu?" nilimuuliza.

"Mchana tu, babu. Jioni huitwa nyumbani."

"Figa la nusu siku," Kuni alicheka. "Vijana wa leo."

Hapo nilikasirika. "Katika ndiva hakuna anayepewa maji siku nzima. Mchana atabeba Jua, na Maji atajaza bwawa lake. Usiku atabeba Maji. Gesi, wewe utaziba pengo, wala usizoee."

"Nisizoee?"

"Usizoee."

"Na mimi?" aliuliza Kuni.

"Wewe umetumika vya kutosha, mzee wangu. Kaa pembeni uote moto."

Akayatazama magome yake. "Moto upi, mwanangu?"

Niliinua ukingo wa chungu kwa mikono miwili, Kuni akatoka, Jua akaingia. Chungu kikatulia. Miti ikaweka mashoka chini na kurudi kila mmoja kwenye shimo lake, mvule ukiwa wa mwisho.

Nikaamka. Mke wangu Namkunda alikuwa akiikagua shuka.

"Baba Anaeli, umeshika nini?"

Viganja vyangu vyote viwili vilikuwa vyeusi kwa masizi. Nyumba hii hupikia gesi. Sufuria zetu zinang'aa.

"Kanawe," alisema, "wala usiguse mlango."

Sikunawa mpaka wajukuu wote walipokuja kuviona. Niliyowaambia wao nawaambia nanyi vijana: pangeni zamu sasa, chungu kikiwa bado kimesimama. Tegeni masikio, kwa maana sitarudia. Na atakayeingia msituni na shoka atanikuta.