Beseni la Namba Saba

...haiaminiki, ati haiaminiki, neno moja la wino mwekundu na mstari uliochorwa kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka, na Benie ameushika huo ukurasa wa arobaini na moja wa mémoire yake, tasnifu ya kumaliza chuo, amesimama kwenye kibanda cha kuchapishia cha yaya Clémence, dada mchapaji wa hapa Makiso, groupe ya umeme inanguruma nje, yaya Clémence ameshaipata ile aya kwenye kompyuta, imegeuka buluu yote, kidole kiko juu ya kitufe, "Nifute?" anauliza, na Benie anausoma tena ule wino, haiaminiki kwa nani, kwa mwalimu Zacharie, msimamizi wake, aliyekaa chini ya feni yake, mtu asiyekanyaga baleinière, hizi boti za mbao za mtoni, hata siku moja, Kinshasa anakwenda kwa ndege kutoka Bangboka, leo ndiye wa kumfundisha Mama Berthe namna ya kufiwa? Loo! Na asubuhi alivyomwita mbele ya wenzake, "Mademoiselle, mama aliyepoteza mutoto hawezi kutafuta beseni, donc analia, anaita jina ya mutoto, musomaji hatakuamini", akatikisa kichwa kwa huruma, huruma! mtu anayeandika riwaya mwaka wa kumi na mbili huu na hakuna aliyewahi kuuona hata ukurasa wake mmoja, ondoka hapo...

lakini Mama Berthe alisema hivyo hivyo, Benie alikuwepo, kijijini Yanonge, amekaa kwenye kigoda, moshi unamwingia machoni, Mama Berthe anageuza samaki kwa vidole bila kuungua, na swali lilikuwa lile lile aliloulizwa kila mwanamke aliyenusurika siku boti ilipozama, ulipofika ukingoni ulifanya nini kwanza, mama? "Nilitafuta beseni yangu," vile tu, kana kwamba ameulizwa alikula nini jana, "nikaona mwanamuke moja iko na beseni ya kijani, nikamuambia ile ni yangu, tukagombana palepale, nguo zinatoka maji, nikamunyanganya, kumbe hata haikuwa yangu," akacheka, ndiyo, alicheka, akageuza samaki mwingine, "kisha njo nikauliza mutoto iko wapi. Walimuona siku ya tatu." Kalamu ya Benie ikasimama hapo. Beseni lenyewe lilikuwa nyuma ya mlango, la kijani, limetoboka, halitumiki, halitupwi. Hilo ndilo lisiloaminika? Basi na mto wenyewe usiaminiwe...

"Benie, essence iko naisha. Nifute ile ama?" Ngoja yaya, ngoja kidogo, anasema, au anadhani amesema, kengele ya toleka, baiskeli ya abiria, inapita barabarani, ofisi ya dépôt, ya kupokea mémoire, inafungwa saa tisa, sasa ni saa nane na nusu, na kwenye kurasa za mwisho upo wino mwekundu mwingine, bravo, bravo mara mbili, na mstari chini yake, pembeni ya maneno ya mama namba makumi tatu, hapo hataki kupaangalia, mwalimu alisoma kwa sauti mbele ya wote, "Ee mto, nguo zangu umenirudishia, mwanangu umebaki naye," akavua miwani, akasema ile njo sauti ya kweli, muandike kama huyu mama, na Julie wa mstari wa mbele akajifuta machozi, na Benie akatazama viatu vyake, kwa sababu mama huyo hayupo.

Hayupo! Fakulti inataka wanawake makumi tatu, si pungufu, yeye alipata ishirini na tisa, wa mwisho alikuwa amehamia Isangi kwa watoto wake na siku zilikuwa zimekwisha, basi akamwandika mwenyewe, ndani ya baleinière ya kurudi, daftari juu ya magoti, nusu saa tu, na ilikuwa rahisi mno, masomo yote ya Zacharie aliyaweka humo, anza na kitu kinachoonekana, punguza sifa, iache sauti iguse moyo, akamliza yule mama mahali pazuri pa kulia, akajisifu hata, eh Benie, unaweza! Mjinga mkubwa wewe. Unamtukana Zacharie, na nani aliyemwekea mezani mwanamke wa kulia vizuri, akapime naye wengine? Mbele ya huyo wa uongo, Mama Berthe ndiye anayeonekana mwongo, na aliyemleta huyo wa uongo si mwalimu, ni wewe, kwa kalamu yako mwenyewe, huku maji yaliyomchukua yule mtoto yanapita chini ya kiti chako, na hukuona haya...

akimtoa huyo wa uongo, wanabaki ishirini na tisa, asilimia za majedwali yote zinavunjika, Zacharie hatasaini, mwaka mwingine mzima, na papa Cyprien ameshatangaza avenue nzima kwamba binti yake anamaliza, mama ameshashona pagne ya sherehe, watamuuliza kwa nini, atawaambia nini, kwa sababu ya beseni? Watasema amerukwa na akili. Na wakisema! Maana siku ile Yanonge, daftari limeshafungwa, Mama Berthe alimsindikiza mpaka mtoni, mikono inanuka moshi, akauliza, "Jina yangu utaiandika?" na Benie akamjibu kwa ile sauti ya shule, hapana mama, majina ni siri, mu kitabu utakuwa enquêtée, mwenye kuulizwa, namba saba, na mama akaangalia maji, akasema, "Bon. Kama hauandike jina, andika basi beseni."

"Benie! Niko nakuuliza, nifute?" Buluu bado iko palepale, kidole cha yaya Clémence hakijasogea, groupe imekohoa mara moja ikaendelea.

"Futa, yaya," anasema Benie, "lakini hapana ile. Ile iache. Shuka mpaka ku namba makumi tatu."