Jiwe la Kugeuzia

Haya nilihadithiwa na wifi yake mama mmoja wa mtaani kwao, mwezi uliopita, tukiwa kwenye benchi la zahanati tunangoja vidonge vya presha. Foleni ilikuwa ndefu na mwenzangu alikuwa na dukuduku moyoni. Akasema, nikamsikiliza, na nimeyaandika nisije nikayasahau.

Mama mwenyewe alikuwa dobi wa hospitali. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, miaka ishirini na sita mikono ndani ya maji. Mtaa mzima walimwita Dobi. Mumewe alikuwa fundi mwashi, naye walimwita Fundi, mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Ujanani alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, mpaka goti likamwambia basi.

Dobi alianza kukimbia ana miaka hamsini na moja. Daktari alimwambia sukari inapanda, aufanyishe mwili kazi.

"Kazi gani tena? Mashuka mia mbili kwa siku hayamtoshi?" Dobi alilalamika alipofika nyumbani.

Fundi alicheka, kesho yake akaja na raba. Akampimia njia. Kutoka mlangoni kwao ilikwenda barabara ya vumbi iliyonyooka kama uzi, mikaratusi kulia na kushoto, miti inayofanana kama mapacha, huwezi kujua umepita upi. Huko mbele akaweka jiwe kubwa la kukumbatia, akalikalisha kwenye kitako cha saruji lisibingirike, akalipaka chokaa. Kazi ya Dobi ilikuwa kwenda, kuligusa, na kurudi. Kazi ya Fundi ilikuwa kukaa kwenye kiti chake barazani na saa ya kubonyeza.

Siku ya kwanza Dobi alirudi karibu anatambaa. Baada ya mwaka alitumia dakika hamsini na mbili, akaingia ndani anaimba.

Hapo ndipo alipomvuta wifi yake, dada wa Fundi, jikoni. "Nikishuka chini ya hamsini, najiandikisha mashindano ya wazee kule mjini. Lakini usimwambie kaka yako. Nataka nimshtukize."

"Ukishuka chini ya hamsini, wifi, mimi navaa suruali ya kaka yangu nakukimbilia nyuma."

"Kwa mwili huo? Suruali itaomba msamaha."

Wakacheka mpaka chai ikafurika jikoni. Wifi akaapa, na kiapo chake akakitunza.

Fundi alimfundisha vizuri, hilo lazima niliseme. "Usishindane na vijana," alimwambia. "Kijana anakimbia kila siku. Wewe kimbia siku tatu. Siku moja kwa nguvu zote, mbili polepole, kiasi cha kuweza kunisengenya bila kuhema." Alimbebesha matofali, moja kila mkono, apande nayo ngazi ili miguu ikaze. Na kila mwaka mvua zikiisha, alimpumzisha wiki mbili kamili. "Mwili wa mtu mzima unajijenga ukiwa umelala, mke wangu. Lala." Wiki hizo Fundi alikwenda peke yake na ndoo ya chokaa kulipaka upya lile jiwe.

Dobi alijisikia mwepesi. Sukari ilishuka. Mashuka aliyabeba kama leso. Lakini saa haikusogea. Mwaka wa pili hamsini na mbili, mwaka wa nne hamsini na moja, mwaka wa sita hamsini na mbili tena. Kila akimaliza alimtazama Fundi usoni, na Fundi anatabasamu tu, anasema, "Vizuri sana."

"Vizuri kitu gani?"

"Vizuri. Utaona."

Mwaka wa nane ilikuwa hamsini na tatu. Siku hiyo Dobi alizivua raba pale pale barazani akazitupa chini.

"Miaka yote hii unanizungusha kama pia! Nimezeeka, Fundi, na saa yako inajua. Ni wewe tu hutaki kusema. Sikimbii tena."

"Bado kidogo tu, mke wangu. Tufike kwenye kalavati."

"Kalavati gani? Usiniletee mizaha."

Fundi akainama akaziokota zile raba, akazipangusa vumbi kwa kiganja, akaziweka chini ya kitanda. Alikuwa hivyo, akibishiwa ananyamaza.

Miezi mitatu baadaye alipata kiharusi akiwa kazini, mwiko mkononi. Ulimi ukafunga. Kwa siku kumi na moja alilala kitanda cha hospitali, juu ya mashuka aliyoyafua mkewe, na mkono wake wa kushoto ukawa unaonyesha miguu ya Dobi. Miguu, kisha dirisha. Miguu, kisha dirisha. Dobi alidhani anamsihi akimbie tena.

"Nimesema sikimbii, mume wangu. Nitakaa na wewe."

Fundi akatikisa kichwa, machozi yakamtoka upande mmoja. Siku ya kumi na mbili akazikwa.

Mvua zikaja zikaisha. Watu wa barabara wakafyeka nyasi pembezoni. Dobi akaona stoo imebaki nusu ndoo ya chokaa, akamwambia wifi yake, "Twende tukalipake jiwe la kaka yako. Asije akaonekana hana mtu."

Wakatembea. Jiwe lilipoanza kuonekana kwa mbali, Dobi akaona chini ya mkaratusi kitako cha saruji, kimezungukwa na matone ya chokaa iliyofifia. Juu yake hakuna kitu.

"Hapa alimwaga chokaa," Wifi alisema.

Hatua sitini mbele kulikuwa na kingine. Kisha kingine. Nyasi zilikuwa zimevificha miaka yote.

"Huyu kaka yangu alikuwa anapanda mawe au nini?"

Dobi aliendelea mbele. Alikuwa anahesabu. Vitako saba vitupu, na cha nane kina jiwe. Mbele ya jiwe, hatua mia na kitu, ilionekana kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara.

Akakaa chini vumbini, mzima mzima.

"Alikuwa analisogeza," alisema. "Kila nikilala, analisogeza."

Wifi naye akaelewa, akajishika kinywa. "Na mimi nilijua la kwako. Ningemwambia neno moja tu, wifi. Neno moja. Angeliacha jiwe pale pale."

"Nilikukataza mimi."

"Ungekwenda mashindano naye angekuwepo."

"Nyamaza, wifi yangu. Nyamaza tu."

Hawakupaka chokaa siku ile.

Kesho yake, jua likianza kupoa, Dobi alizitoa raba chini ya kitanda. Wifi alikaa kwenye kiti cha Fundi, kaishika saa kwa mikono miwili kama yai. Dobi alikwenda mpaka kitako cha kwanza kabisa, akainama akakigusa, akarudi. Alikuwa hajakimbia karibu mwaka mzima na pumzi zilimkata njiani, lakini miguu ilikuwa inaijua kazi yake.

Alipougusa mlango Wifi alipiga kelele, "Arobaini na saba! Wifi, arobaini na saba! Hii inazimwaje?"

Dobi akageuka, kama kila siku, kumtazama usoni aliyekaa kwenye kiti. Akamwona Wifi.

"Iache," alisema.

Wifi alilia mpaka usingizi ukamchukua pale pale kitini, jua bado liko juu ya paa. Dobi alimfunika kanga, akaichukua saa, bado inahesabu, akaingia chumbani. Akalala na raba zake miguuni, upande wake wa kitanda, saa akaiweka upande wa Fundi.

"Si ungeniambia," alisema. "Na mimi si ningekwambia."

Alisikiliza saa kwa muda mrefu. Kisha usingizi ukampitia.