Kazi ya Kusoma Matope

Mkataba wa kazi wa Wiebke Harmsen ulikuwa umebakiza miezi miwili, naye alikwishatuma maombi kumi na tisa. Alikuwa mtaalamu wa chavua, ule unga wa maua, ile ya kale iliyolala kwenye matope ya maziwa. Majibu yalifanana: asante, tumempata mwingine. Dada yake Antje, mwenye shamba la ng'ombe, alimwambia arudi nyumbani, maana ng'ombe hawaulizi barua za wadhamini. Wiebke alicheka, kisha akatuma la ishirini.

Ombi hilo likamfikisha kwenye taasisi moja ya kaskazini. Kabla ya usaili, kila mwombaji alipewa bomba la matope yaliyochimbwa ziwani, ayasome kwa hadubini. Wiebke alihesabu asubuhi nzima. Chini kabisa, penye matope ya kale zaidi, aliona chavua ya ngano tele. Juu, misonobari mitupu. Akahesabu upya. Watu wa huko walifyeka msitu ndipo wakalima. Matope haya yalisema kinyume. Na makala kuhusu matope hayo ndiyo iliyompatia sifa Profesa Lohmeyer, mwenyekiti wa jopo la usaili.

Zamu ya Wiebke ilipofika hakuzunguka maneno.

"Profesa, bomba hili limewekwa kichwa chini."

Jopo zima likatazama meza.

"Unajua makala hiyo ni ya nani?" Lohmeyer aliuliza.

"Ni yako. Niliisoma kabla sijaja."

"Na bado unasema hivyo?"

"Nimesoma kilichomo, Profesa. Ningenyamaza, mngeniajiri kwa kazi gani?"

Wiki iliyofuata barua ikaja: tumempata mwingine. Wiebke alilia jikoni huku akimenya viazi. Akanawa uso, akafungua orodha ya nafasi, akaanza kuandika ombi la ishirini na moja.

Alikuwa hajalimaliza Lohmeyer alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Daktari Harmsen, nimefukua daftari la siku ya kuchimba. Mshale wa kuonyesha juu ulichorwa upande usio wake. Mwandiko ni wangu."

Alisema ataiondoa makala. Ile nafasi imeshakwenda, lakini kuna ruzuku ya serikali ya kulichimba ziwa lote upya, miaka mitatu, na maombi yanafungwa baada ya siku kumi. Je, wangeandika pamoja?

"Jina la kiongozi wa mradi litakuwa la nani?" Wiebke aliuliza.

"Kwa kawaida, langu."

"Basi siandiki."



"Liwe lako," Lohmeyer alisema. "Nije lini?"

Waliandika siku tisa, wakibishana karibu kila aya. Mkataba wa zamani uliisha kabla jibu halijatoka, na Wiebke akakamua ng'ombe wa Antje hadi Juni, mikono ikimuuma. Barua ya kukubaliwa kwa ombi la ruzuku ilimkuta zizini. Aliisoma mara mbili, akamkabidhi dada yake ndoo, akaenda kumpigia Lohmeyer kuuliza kama mashua ya kuchimbia iko tayari.