Yote Aliyosema Mume Wangu

Nilimpoteza mke wangu kwa neno ambalo nilikuwa nimefundishwa kwamba halina kazi.

Masasi nilisoma vipande vipande: mwaka huu darasani, mwaka ujao mkongeni, kisha narudi. Mwalimu wetu mmoja, Mwingereza aliyesomea falsafa kwao, alikuwa na penseli ya buluu. Kila tulipoandika "ni kweli kwamba", aliyakata maneno hayo. Anayesema ni kweli kwamba mvua inanyesha, alituambia, amesema mvua inanyesha, basi. Hajaongeza hata tone. Kweli si kitu kilichojificha nyuma ya maneno, wala si sifa ya kitu kama wekundu wa udongo. Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka na somo lile kama mtu aliyeokota kisu njiani.

Mwaka wa 1953 nikaoa karibu na Kitangari, upande wa Newala. Kule mwanamume huhamia kwa mke. Ukoo ni wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mkwe akiharibu, hukunja mkeka wake akarudi alikotoka. Mimi nilitoka Lisekese, wazazi wangu walikwisha kufa, na sikuwa na pa kurudi. Mke wangu Bibiana ndiye aliyebaki kuwa kwetu.

Alikuwa na mazoea ya kuuliza "kweli?" kwa kila jambo, hata nikimwambia kunguru ameketi juu ya paa. Nikamfundisha somo langu la penseli, kwamba neno lile halina uzito. Akacheka.

"Kama halina uzito, Filemoni, mbona unakataa kulibeba?"

Mwezi wa kumi mwaka ule maji yalikuwa bondeni tu. Wanawake walishuka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Bibiana alikuwa na mimba ya miezi sita na miguu imevimba. Nikamwambia apumzike, nitashuka mimi. Nikachukua mzega wangu, madebe mawili yakining'inia mtini, na wanawake njiani hawakuniacha. Bimdogo, jirani yetu, aliniuliza kama nitahitaji kuazimwa kanga.

Siku ya kwanza nilifika ukingoni, nikautazama ule mteremko, nikaketi. Mjomba wa mke wangu, Mzee Fikirini, alikuwa na mapipa mawili ya maji ya mvua nyuma ya ghala, akiba ya ukoo kwa siku watoto watakapotoka jandoni. Nikangoja mikoroshoni mpaka watu wote wakawa mashambani, nikachota humo.

Bibiana alinipokea kama mtu aliyerudi vitani. Akaniuliza, nimetoka bondeni kweli? Nikamjibu nimetoka bondeni. Kweli? Nikasema, nimeshasema. Kama neno lilikuwa tupu kama alivyofundisha mwalimu, sijui kwa nini sikuthubutu kulitamka. Uongo nilikwisha kuutoa, lile moja tu ndilo lililonishinda. Jioni akanipaka mafuta ya nyonyo kulipoza bega. Akafanya hivyo jioni tatu, maana kila siku nilirudi kuchota pipani, na akawasimulia shangazi zake wote kwamba mume wake anashuka bondeni.

Siku ya nne mapipa yakafunuliwa, moja likakutwa nusu. Alama za matone zilikuja mpaka mlangoni kwetu.

Mzee Fikirini akakalisha wazee. Bibiana aliwekwa jikoni kwa mama yake, kwa sababu wanaoulizwa hawasikilizani. Nilianza mimi. Niliwaza haraka, na niliwaza vibaya. Bibiana ni mtoto wa nyumba, tena ana mimba, watamkemea, yaishe. Mimi watanipa mkeka wangu.

Nikasema, "Ni Bibiana aliyechota, mjomba. Nilimkataza."

Wakamwita. Aliingia taratibu, mkono kiunoni, akawaamkia wote, akanitazama akatabasamu. Alidhani nimewaeleza habari za bondeni.

"Mume wangu ameshasema?"

"Ameshasema," akajibu mjomba wake.

"Basi yote aliyosema mume wangu ni kweli."

"Hukumsikia, mwanangu."

"Sikumsikia. Sina haja."

Penseli ya buluu ingefanya nini hapo? Ukilikata neno lile hakibaki kitu. Hakujua nimesema nini, kwa hiyo hakuweza kuyarudia maneno yangu. Alikuwa na hilo moja la kuyabebea yote, akayabeba kwa mkono mmoja kama mzigo wa manyoya. Somo langu nililisoma nusu, na nusu nyingine alinifundisha yeye, mbele ya watu.

Mzee Fikirini akamrudia maneno yangu, moja moja. Bibiana hakulia. Alilitazama bega langu, lile laini lisilo na sugu, akalitazama muda mrefu.

"Unasemaje sasa?"

"Nimeshasema, mjomba."

Wakamwamuru alijaze pipa kwa maji ya bondeni, na lazima achote mwenyewe. Alishuka siku tisa. Siku ya pili nilimfuata njiani nikamwambia nakwenda kuungama kwa mjomba. Akatua debe.

"Ukisema yako yalikuwa uongo, langu nalo litakuwa uongo. Sijawahi kumdanganya mjomba. Niachie nilijaze pipa."

Nikamwacha. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko uongo wenyewe, kwamba aliniomba ninyamaze, nami nikaona nafuu.

Pipa lilipojaa alikuja nyumbani, akaketi kizingitini, miguu kaikunjua mbele yake.

"Zamani ukiniambia jambo, nilikuwa nimelijua," akasema. "Sasa kila utakaloniambia nitalazimika kwenda kulitazama mwenyewe. Nami nimechoka kutembea, Filemoni."

Nikamwambia nampenda. Akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemwonea huruma mgeni asiyejua njia.

Hakuna aliyenifukuza. Nilikunja mkeka mwenyewe, mchana, nikapita kumuaga Mzee Fikirini. Yeye aliendelea kuniamini mpaka mwisho. Alinifungia muhogo wa njiani, akaniuliza kwetu amefariki nani, maana uso wangu ulikuwa wa msibani. Nikamwambia ni mtu wa karibu sana. Akanipa pole, akanisindikiza mpaka mwisho wa mikorosho, akasema nikimaliza matanga nirudi upesi, mke wangu asije akajifungua peke yake.