Upenyo Kati ya Mikuyu

Yudith alipoanza kuchora gati la kivuko kwenye mto Ruaha, ng'ambo ya milima ya Vidunda, alijiwekea sharti moja: hakuna mti utakaokatwa. Ofisini kwao Morogoro walimcheka kidogo, lakini mwisho walikubali. Alitembea ukingoni na Abubakari, mzee aliyeteuliwa kuendesha kivuko, mpaka wakaona upenyo mpana kati ya mikuyu miwili mikubwa. Ulikuwa na nyasi fupi na mteremko laini hadi majini.

"Hapa, mzee. Kibanda cha abiria kitakaa kivulini, na mto utabaki ulivyo."

Abubakari aliutazama mteremko, akaridhika. Mvua zilikuwa haba miaka miwili mfululizo, mto umekonda, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejiuliza kwa nini hapo miti haikuota.

Kibanda kikajengwa kwa mawe ya mtoni. Picha zake zikazunguka kwenye simu za watu, na Yudith akawa anazifungua tena na tena akiwa peke yake. Kivuko kikaanza kubeba abiria hata kabla ya uzinduzi. Kashindye, mama wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, akaweka jiko lake la mahindi ya kuchoma pembeni ya kibanda.

Masika yakaingia kwa nguvu, mto ukajaa. Yudith alipokuja kukagua alikuta benchi la kibandani limevunjika katikati. Wakadhani ni vijana. Alipokuja tena, ukuta ulikuwa umetapakaa kinyesi mpaka usawa wa kiuno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Viboko wamerudi."

Yudith alizifuata kwa macho nyasi zilizolazwa: kutoka majini, katikati ya mikuyu, moja kwa moja kibandani, na kwa nyuma kuelekea malishoni. Upenyo ule ulikuwa njia ya viboko, waliyoikanyaga miaka na miaka, naye ameiziba kwa mawe.

"Nami nilisimama hapa hapa nikasema panafaa," Abubakari alisema polepole.

Yudith akampigia Deogratias, mkuu wake wa kazi.

"Kaka Deo, tufunge gati. Kibanda kiko kwenye njia ya viboko."

"Uzinduzi ni Jumamosi, Yudith. Wageni wamealikwa. Hao hutoka usiku, abiria wanapita mchana."

"Safari ya mwisho inafika jioni."

"Weka ubao wa tahadhari," alisema, akakata simu.

Yudith akaweka ubao. Akamsihi Kashindye ahamishe jiko.

"Dada, nikikaa mbali nani ataniona? Nikisikia kishindo nitakimbia."

Ijumaa wingu lilishuka mapema, jioni ikawa nyeusi. Abiria walijibana kibandani kukwepa mvua. Yudith alikuwa gatini akikingoja kivuko. Vyura walikuwa wakilia ukingo mzima, mara wakanyamaza wote kwa pamoja. Katikati ya mto Abubakari akazima injini, akasimama, akaanza kupunga mikono na kupiga kelele.

"Tokeni kibandani!" Yudith alipaza sauti. "Kimbilieni pembeni, si juu! Pembeni!"

Watu wakatawanyika. Kashindye naye alitoka, kisha akageuka kuchukua kapu lake. Kiboko jike alipanda kutoka majini na mtoto wake nyuma, akapita kati ya mikuyu kwa kasi ambayo mtu hangeitarajia kwa mwili ule. Ukuta ukaanguka. Kashindye alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Walimpakia kwenye gari la ofisi. Alikata roho kabla hawajafika Mikumi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Yudith.

Msibani, Mashauri, mume wa marehemu, alimwita pembeni.

"Wewe ndiye uliyechora pale?"

"Ndiyo, kaka. Ni mimi."

"Alikuwa akikusifia," Mashauri alisema, akarudi kukaa na wanaume wenzake.

Uzinduzi ukaahirishwa. Yudith alichora upya: kibanda kihamie kando, upenyo waachiwe viboko. Palipofaa palikuwa mahali pamoja tu, na mkuyu wa upande wa juu wa mto ulisimama hapo. Aliutia alama mwenyewe kwa rangi nyekundu. Msumeno wa mashine ulipoanza kunguruma alibaki amesimama mpaka mti ukalala.

Kivuko kikarudi kazini, na watu wakazoea kibanda kipya. Mvua hazikukoma. Asubuhi moja Abubakari alimpigia Yudith, aliyekuwa amelala Mikumi, akamwambia aje upesi.

Alikuta ufa umeanzia kwenye kisiki na kupita chini ya sakafu ya kibanda hadi upande wa pili. Mizizi iliyokuwa imeushika ukingo ilikuwa inaoza. Chini yao maji ya udongo mwekundu yalikuwa yakiula ukingo, na donge kubwa la ardhi likadondoka wakiwa wanatazama.

Simu ya Yudith ikaita. Ni Deogratias. Hakuipokea.

"Leo hakuna kivuko," aliwaambia abiria. "Tokeni hapa, rudini nyumbani."

Walitoka kibandani mmoja mmoja na mizigo yao. Lakini hawakuondoka. Walisimama kwenye mvua, nyuma ya ufa, wakiutazama mto.